Kelele ya cheni ya taimingi: sikiliza kwanza, fungua baadaye

Gari la zamani lenye cheni ya taimingi limelala usiku kucha. Asubuhi unaliwasha: krrrrr ya sekunde mbili tatu upande wa mbele wa injini, kisha kimya. Wengi wakisikia hivyo hufanya moja kati ya mambo mawili. Kuna anayekimbilia kununua cheni, na kuna anayeongeza sauti ya redio. Wote wawili nimewafungulia injini, na huyu wa redio ndiye bili yake huwa nene.

Nitaeleza kwa kutumia injini ya Toyota 22R (ya kabureta) na mwenzake 22R-E (ya injekta): lita 2.4, silinda nne, kamshafti (shafti inayofungua valvu) moja juu. Nimeichagua kwa sababu naifahamu hadi bolti yake iliyojificha (tutafika huko), na kwa sababu ugonjwa wake wa cheni uko wazi. Ukishauelewa huu, injini nyingine utazisoma mwenyewe, na chache zenye vituko vyake nitazigusa.

Ndani ya kava la mbele

Cheni inatoka kwenye gia ndogo ya krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) kule chini, inapanda hadi gia kubwa ya kamshafti juu. Krenki ikizunguka mara mbili, kamshafti inazunguka mara moja. Upande mmoja wa cheni unavutwa, kwa hiyo umekaza muda wote. Upande wa pili umelegea, na huo ndio unaosukumwa na tensiona, kifaa kidogo chenye pistoni inayosukumwa na oili ya presha kutoka kwenye pampu. Upande unaovutwa una reli, kipande kirefu ambacho cheni inateleza juu yake ili isiyumbe. Kwenye 22R, ukiwa umekaa ndani ya gari unatazama mbele, reli hiyo iko kushoto na tensiona iko kulia. Liweke hilo akilini, utalihitaji ukianza kutega sikio.

Watu husema cheni imevutika. Chuma cha viungo hakivutiki. Kinachotokea ni pini na bushi za viungo kulika, kila moja kidogo tu, lakini pini ni nyingi na jumla yake ni cheni ndefu kuliko ilivyotoka kiwandani. Kinachozila ni oili iliyochakaa, maana masizi na vumbi la chuma ndani yake hufanya kazi ya msasa.

Hata hivyo, kwenye 22R mimi simshuku cheni kwanza. Zile za mwanzo, hadi 1982, zilifungwa cheni ya safu mbili na reli zenye mgongo wa chuma. Kuanzia modeli za 1983 ikaja cheni ya safu moja na reli za plastiki. Plastiki ikipikwa na oili ya moto mwaka baada ya mwaka inakauka kama biskuti, inapasuka, vipande vinadondoka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Tensiona nayo inategemea presha ya oili: gari likilala oili inashuka chini, na likiwashwa cheni inabaki imelegea mpaka presha ipande. Zile sekunde mbili za asubuhi ni cheni ikiichapa reli. Kesho yake tena, na keshokutwa tena.

Reli ikishakwisha, cheni haina pa kuegemea. Inaanza kulisugua kava la mbele, nalo ni la aluminiamu, na nyuma ya ukuta ule kuna njia ya maji. Cheni ikitoboa, maji ya rejeta yanaingia kwenye oili na beringi za krenki zinakufa bila kuaga. Ndiyo maana sipendi kusikia mtu akisema "inalia asubuhi tu".

Je, kweli ni cheni?

Injini ina wapiga kelele wengi, na kazi ya kufungua kava la mbele si ndogo. Waondoe wengine kwenye orodha kwanza.

Anza na mikanda, kwa kuwa haihitaji zaidi ya spana mbili. Ivue yote, washa injini kwa nusu dakika, si zaidi, kwa sababu pampu ya maji haizunguki. Kelele ikipotea, una beringi mbovu ya alteneta, ya pampu ya maji au ya kompresa ya AC, na umejiokolea wikendi. Kabla hujairudisha, shika puli ya krenki kwa mikono miwili uitikise. Puli iliyolegea kwenye kii yake hugonga kwa sauti inayofanana sana na ya cheni, na nimepokea gari lililokwisha kubadilishiwa cheni mahali pengine huku puli ikiendelea kucheza vilevile.

Tapeti, vile vipande vinavyosukuma valvu, zina sauti nyepesi, tik-tik-tik ya kupimika, inatoka juu na inafuata mwendo wa kamshafti. Ukiachia pedali ya mafuta ghafla haibadiliki tabia. Tapeti za 22R zinarekebishwa kwa skrubu: injini ikiwa ya moto, valvu za kuingiza ni milimita 0.20, za ekzosi 0.30. Zipime kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Kazi hii inakulazimu ufungue kava la valvu, na ukishalifungua utaichungulia cheni bila gharama ya ziada.

Ekzosi inayovuja pale manifoldi inapokutana na hedi (kichwa cha injini) inawadanganya wengi, kwa sababu nayo hulia asubuhi na kunyamaza baadaye. Tofauti iko kwenye muda. Ekzosi inangoja chuma kipate joto kitanuke, hizo ni dakika kadhaa. Cheni inangoja presha ya oili, nazo ni sekunde. Tena ekzosi inayovuja huacha masizi meusi kwenye mdomo wa gasketi, utayaona kwa tochi.

Konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki, ina mlio mzito wa kugonga, unatoka chini, na unaongezeka ukiibebesha injini mzigo. Chomoa waya wa plagi moja baada ya nyingine, na kila ukichomoa ugusishe ncha ya waya kwenye chuma cha injini ili koili isiumie. Kelele ikipungua kwenye silinda fulani, hiyo ni konrodi ya silinda hiyo. Cheni haijali umechomoa waya gani.

Sasa cheni yenyewe. Sauti yake ni ya kukwaruza na kuchapa kwa pamoja, inatoka mbele, na haina mpigo uliopangika kama tapeti. Pandisha injini hadi mizunguko 2,000 au 2,500 kwa dakika kisha achia mafuta ghafla. Wakati inashuka, upande uliokuwa umekaza unalegea kwa muda mfupi, na cheni iliyokosa reli itachapa hapo hapo. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote vya nje. Chukua bisibisi ndefu, ncha yake iweke kwenye kava la mbele, mpini kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Gusa kushoto, gusa kulia, gusa chini karibu na krenki, kisha hamia kwenye kava la valvu ulinganishe. Nywele, mikono ya shati na kamba za kofia vikae mbali na feni. Nakuomba usilichukulie hilo kama mapambo ya maneno.

Kabla hujahukumu, angalia filta ya oili. Filta nzuri ina valvu ya raba inayozuia oili isirudi kwenye sampu gari likizimwa. Filta duni haina, au inayo ikiwa ngumu haifungi, na tensiona inaanza kila asubuhi ikiwa kavu. Badilisha oili kwa unene unaotajwa na kitabu cha gari, weka filta ya maana, sikiliza asubuhi mbili tatu. Kelele ikifupika au ikiisha, umepata sehemu ya jibu, ingawa bado nakushauri uchungulie ndani, kwa sababu reli iliyochapwa kwa miezi haijirudishi.

Na oili nzito zaidi? Kila mtaa una mtu anayeishauri. Oili nzito ikiwa baridi inachelewa kufika kwenye tensiona, kwa hiyo ile krrrrr ya asubuhi inarefuka badala ya kufupika. Injini ikipata moto kelele inaweza kufifia kidogo, na hapo ndipo mwenye gari anapodhani amepona.

Presha ya oili nayo ipime kwa geji ya kufunga pale penye swichi ya taa, usitegemee sindano ya dashibodi. Injini ikiwa ya moto, kwa mizunguko 3,000 kwa dakika, 22R inatakiwa ionyeshe kilo 2.5 hadi 5.0 kwa sentimita ya mraba. Ikiwa chini ya hapo, tensiona mpya itasinzia kama ya zamani, na kazi yako inaanzia kwenye pampu ya oili au beringi.

Kuchungulia bila kufungua kava la mbele

Vua kava la valvu. Mbele kabisa utaona gia ya kamshafti, na pembeni yake uwazi unaoshuka hadi chini. Weka tochi. Upande wa kushoto unatakiwa uone kichwa cha reli kikiwa kimesimama wima, kimegusana na cheni. Kisukume taratibu kwa bisibisi nyembamba. Kikitikisika, kimevunjika chini. Kisipokuwepo kabisa, tazama ukuta wa kava nyuma yake: mistari inayong'aa iliyo sambamba, mipana kama cheni yenyewe, ni alama kwamba imeshaanza kula aluminiamu.

Halafu mwaga oili kupitia kitambaa cheupe, na usimwage haraka. Vipande vya kahawia au vyeusi visivyoyeyuka, vyenye ukingo uliovunjika, ni reli. Unga unaong'aa upitishie sumaku: unaonasa ni chuma cha cheni na gia, usionasa mara nyingi ni aluminiamu ya kava. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa huku maji ya rejeta yakipungua, gari hilo lisiwashwe tena hata kulitoa uani. Lisukumeni.

Kuna kipimo kingine kizuri kinachohitaji watu wawili. Vua kofia ya distribyuta, kigawa cheche; ndani yake kuna rota inayozunguka. Zungusha krenki kwa spana kwenye bolti ya puli, mwendo wa saa ukitazama kutoka mbele, mpaka alama ya puli ifike kwenye sifuri. Sasa mwenzako atazame rota, wewe irudishe krenki nyuma polepole. Aseme "hapo" mara tu rota inaposhtuka. Distribyuta ya 22R inaendeshwa na gia iliyo mbele ya kamshafti, kwa hiyo umbali ambao krenki imetembea peke yake ndio ulegevu wa cheni. Kidogo ni kawaida, maana injini ikiwa imezimwa tensiona imebaki na springi tu. Puli ikivuka sehemu kubwa ya mizani ya alama kabla rota haijatikisika, huhitaji kipimo kingine. Mwenye taa ya taimingi ataona jambo lilelile kwa njia nyingine: alama ya puli inacheza huku na huku badala ya kusimama, kwa sababu cheni iliyolegea inamyumbisha kamshafti na distribyuta pamoja.

Baada ya hapo uamuzi ni rahisi. Kelele ya sekunde mbili, reli ingali nzima: panga kazi, usiende safari ndefu. Kelele inabaki hata injini ikiwa ya moto, au reli haionekani: gari lisimame. Cheni ikiruka meno, kwenye injini nyingi valvu hukutana na pistoni, na hapo unazungumzia hedi nzima.

Vipuri

Nunua seti kamili. Cheni, gia zote mbili, tensiona, reli zote, sili ya mbele ya krenki, gasketi za kava na oringi ya pampu ya oili. Cheni mpya kwenye gia za zamani ni kazi ya nusu, kwa kuwa meno yaliyolika yameshachukua umbo la cheni ndefu na yataila mpya haraka. Reli tafuta zenye mgongo wa chuma, zinapatikana kwa injini hii, na kwangu mimi hilo halina mjadala. Pampu ya maji imefungwa kwenye kava hilohilo. Kama ina umri, iondoke nayo.

Kufungua

Toa waya hasi wa betri, mwaga maji na oili, ondoa feni na rejeta. Unaweza kujaribu kufanya kazi rejeta ikiwa mahali pake, lakini utaitoboa kwa kiwiko na spana, nimeona. Vua mikanda, legeza mabano ya alteneta na ya kompresa yanayoshika kava.

Kabla hujagusa cheni, weka pistoni ya silinda ya kwanza juu kabisa kwenye mgandamizo. Dalili ziwe zote, usiridhike na moja: alama ya puli kwenye sifuri, pini ya kamshafti juu, rota inaelekea waya wa kwanza, na roka za silinda ya kwanza zote zimelegea. Weka alama ya distribyuta dhidi ya hedi, na alama ya rota ilikoelekea, kisha itoe.

Bolti ya krenki imekazwa kwa N·m 157, na kwa miaka imejikaza zaidi. Weka gia ya tano, mtu akanyage breki, tumia soketi nzima yenye kona sita na mpini mrefu. Mchezo wa kuegemeza spana kwenye chesisi na kupiga stata ninaujua, na sikushauri. Puli itoe kwa pula inayofungwa kwa bolti zake mbili. Ukiivuta kwa kingo utaipinda.

Legeza bolti ya kamshafti injini ikiwa bado kwenye gia. Ikitoka, itakuja na gia ya distribyuta, na kwenye 22R ya kabureta pia kile kipande kinachosukuma pampu ya petroli. Vipange mezani kwa mpangilio uleule.

Sasa bolti iliyojificha. Mbele ya hedi, chini kabisa ya pale gia ya kamshafti ilipokuwa, kuna kibwawa cha oili. Ndani ya kibwawa hicho kuna bolti inayoshuka kutoka kwenye hedi hadi kwenye kava la mbele. Haionekani mpaka unyonye oili au uikaushe kwa kitambaa. Asiyeijua atatoa bolti zote za mbele, kava litagoma, ataingiza bisibisi kulikabua, na aluminiamu itampa jibu kwa kupasuka. Ikiwa kava limegoma kwako, weka chini kila kitu ukatazame kwenye kibwawa.

Za chini nazo zina ujanja wake: bolti za mbele za sampu zinaingia kwenye kava kutoka chini. Zitoe, kisha pitisha kisu chembamba kati ya kava na gasketi ya sampu uitenganishe bila kuirarua. Fanya hivyohivyo juu kwenye ncha ya gasketi ya hedi, kwa subira zaidi, kwa kuwa ukiirarua hiyo umejiongezea kazi ya kushusha hedi. Pampu ya oili iko usoni pa kava kuizunguka krenki, nayo itoke.

Bolti za kava hazilingani urefu. Chora umbo la kava kwenye kipande cha boksi, toboa matundu, na kila bolti ichomeke mahali ilipotoka. Ndefu ikiingia kwenye tundu fupi itagota kabla ya kubana, na fupi kwenye tundu refu itang'oa nyuzi za aluminiamu.

Kava likiwa mkononi

Hapa tulia, maana ndipo unapojua gari lilikuwa limebakiza nini. Safisha upande wa ndani kwa petroli na brashi, kausha, halafu pitisha ukucha kwenye mistari. Ukucha ukiteleza, ni mikwaruzo tu. Ukucha ukizama, hesabu ukuta umepungua. Kitu ninachofanya mimi ni kuziba matundu ya njia ya maji, kulilaza kava na kujaza mafuta ya taa kwenye njia hiyo, kisha naenda kunywa chai. Mafuta ya taa hupenya ufa ambao maji hayapenyi. Nikirudi nikikuta upande wa ndani una unyevu, kava hilo halirudi kwenye gari. Kulichomelea inawezekana kwa fundi mzuri wa aluminiamu, lakini uso wake lazima usawazishwe tena, na kwa kawaida kava jipya linakuwa na akili zaidi.

Kisha kusanya reli iliyovunjika. Panga vipande mezani mpaka umbo likamilike. Kinachokosekana kiko kwenye sampu, na huenda kimelala kwenye chujio la pampu ya oili kikisubiri kuibana. Ndiyo, ina maana ya kushusha sampu, na kwenye gari la kuendesha magurudumu manne difu ya mbele itakuzuia uitukane. Shusha hivyohivyo.

Kurudisha

Ziba mdomo wa sampu kwa matambara safi wakati unakwangua gasketi za zamani. Zungusha krenki kidogo kama itahitajika mpaka kii iwe juu. Chovya cheni mpya kwenye oili. Cheni ya 22R ina viungo vya rangi ya kung'aa: kimoja pekee, na pengine viwili vilivyoambatana. Kile kimoja kinakaa kwenye alama ya gia ya krenki. Alama ya gia ya kamshafti inakaa katikati ya vile viwili. Ingiza gia ya krenki na cheni yake, cheni iifunge kwa waya huko juu isianguke, halafu funga reli na tensiona. Bonyeza pistoni ya tensiona kwa kidole: inatakiwa irudi bila kukwama.

Gasketi za kava ziwe kavu na safi, silikoni weka tone tu kwenye zile pembe ambapo kava, bloku na hedi vinakutana, na chini zinapokutana na sampu. Silikoni inayofurika kwa ndani inaishia kwenye chujio lilelile ulilotoka kulisafisha. Rudisha bolti zote pamoja na ile ya kibwawani. Bolti ya kamshafti N·m 78, ya krenki N·m 157, kwa spana ya kupimia nguvu, si kwa kukadiria mkono.

Zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili, mwendo wa saa. Ikigota mahali, simama, usilazimishe. Baada ya mizunguko hiyo angalia: alama ya puli sifuri, pini ya kamshafti juu. Vile viungo vya rangi havitakuwa tena mahali pake, na hilo limewanyima usingizi mafundi wengi wapya. Havirudi kwa haraka, na havina kazi tena baada ya kufunga.

Kuna jambo moja linalorukwa sana. Pampu ya oili uliyoitoa ni kavu, na pampu kavu inaweza kuzunguka bila kunyonya. Jaza gia zake mafuta ya mgando kabla ya kuifunga. Weka oili na filta mpya, chomoa waya wa koili, na kwenye 22R-E chomoa pia soketi za injekta, kisha piga stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izimike. Hapo ndipo urudishe waya na kuwasha. Mara ya kwanza itakwaruza kidogo mpaka tensiona ijae, isipotulia, zima.

Ikipata moto, rudia tapeti, kisha weka taimingi ya cheche. Kwenye 22R-E ni nyuzi 5 kabla ya juu kabisa, ukiwa umeunganisha matundu ya T na E1 kwenye soketi ya uchunguzi. Usipoyaunganisha kompyuta itakuonyesha namba nyingine na utaigeuza distribyuta bure.

Zenye vituko vyake

Nissan KA24DE inalia kutokana na reli za juu, zile zilizo kati ya gia za kamshafti, na Nissan yenyewe iliwaelekeza mafundi wake waziondoe. Toyota 1ZZ-FE ina tensiona inayofungwa kutoka nje ya injini kwa nati mbili. Oringi yake huvuja oili na kuchafua upande ule. Kuitoa ni rahisi, ila ikiwa nje usizungushe krenki hata kidogo, na ukiirudisha pistoni yake imenaswa kwenye ndoano ambayo lazima uiachie kwa kurudisha krenki nyuma kidogo. BMW N47 imewekwa cheni nyuma, upande wa giaboksi. Ukiweka bisibisi mbele utasema injini ni nzima.

Injini yoyote iwe, oili ya kwanza baada ya kazi hii usiiache hadi muda wa kawaida. Imwage baada ya kilomita mia chache, kwenye kitambaa cheupe kilekile, upitishe sumaku tena. Unga kidogo wa mwanzo utauona. Ukiona kipande cha plastiki, kuna sehemu ya reli ya zamani ambayo haikufika mezani.